Kijani imewaka, trafiki kaninyooshea mkono

Swali: Kwenye mataa ya Magomeni, Dar es Salaam, kijani ikiwaka huku trafiki ananisimamisha, nimtii nani? Na nikikata kona, mtu akiwa anavuka?

Jibu: Simama. Ishara ya askari anayeongoza magari ina nguvu kuliko taa. Kwenye kona, kijani haikupi ruhusa ya kumpita anayevuka barabara unayoingia. Msubiri amalize, na usimpigie honi, maana mzee au mtoto akishtuka hurudi nyuma ghafla. Njano nayo ni ya kusimama, si ya kukanyaga mafuta, isipokuwa umeshaufikia mstari na breki ya ghafla itakuwa hatari. Nawe mtembea kwa miguu, mtu wa kijani kwenye taa ya wavukaji akianza kuwaka na kuzimika, usianze kuvuka; uliyekwishaingia, maliza.