Tujifunze Sayansi: Kuhesabu Wimbi Lisiloonekana

Ndugu msomaji, chukua kalamu na karatasi. Watu 10 wakisalimiana, kila mmoja na kila mwenzake, watashikana mikono mara ngapi? Jibu ni 45. Wakiwa watu 1,000, ni mara 499,500. Hesabu hii tutaihitaji.

Elektroni ni chembe ndogo sana za umeme. Zikikimbizwa kwa kasi kubwa, hutumika kuchunguza maumbile, na hospitalini husaidia kutibu saratani. Lakini mashine ya kuzikimbiza iliyojengwa Stanford, Marekani, ina urefu wa kilomita 3! Nani ataweza gharama hiyo?

Mwaka 1979 wataalamu wawili wa California, Toshiki Tajima na John Dawson, walitoa wazo la kufupisha njia. Watumie plazma, yaani gesi ambayo elektroni zake zimebanduka kwenye atomu. Mwanga mkali wa leza ukipita humo huacha wimbi nyuma yake, kama mashua ya injini ziwani. Elektroni hupanda wimbi hilo, nalo huzisukuma mbele.

Sasa taabu ni hii. Wimbi lenyewe mara nyingi ni dogo kuliko unene wa unywele, na linakwenda karibu sawa na mwanga. Jicho gani litaliona? Basi kompyuta hupewa kanuni za umeme na sumaku, ikahesabu chembe zitasogea wapi. Lakini chembe ni mabilioni, na kila moja inasukumana na zote. Kumbuka zile salamu: hesabu isingekwisha.

Dawa yake inafanana na kazi ya balozi wa nyumba kumi. Nafasi hugawanywa vyumba vidogo vidogo. Kila chumba hujumlisha umeme wa chembe zake, na nguvu huhesabiwa kwa vyumba, si kwa kila chembe na mwenzake. Kisha chembe husogezwa kidogo tu, hesabu ikaanza upya, maelfu ya mara.

Je, tuiamini? Sisi tunasema ipimwe kwanza. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba huko Stanford baadhi ya elektroni zilipata nguvu maradufu ndani ya plazma ya sentimita 85 tu. Safari hiyo wimbi lilivutwa na kundi la elektroni, si leza. Plazma iliporefushwa hadi sentimita 113, nguvu haikuongezeka. Kulikoni? Kompyuta ilionyesha kwamba sehemu ya mbele ya kundi ilikuwa ikitawanyika, na wimbi likakosa wa kulivuta.

Kazi hii huzidi uwezo wa kompyuta ya mezani. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani, Ufaransa na wenzao walipata tuzo ya Gordon Bell kwa programu yao, WarpX. Waliiendesha kwenye kompyuta kubwa kadhaa, mojawapo Frontier ya Tennessee, inayoweza kufanya zaidi ya hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde moja.

Zoezi: Watu 20 wakisalimiana kama wale wa mwanzo, ni mara ngapi? Zidisha 20 kwa 19, kisha gawa kwa 2.