Nikikataa picha, nitaonekana sina shukrani?

*Mume wangu alifariki mwaka jana akaniachia watoto watatu. Kuna kikundi hutuletea unga, mafuta na madaftari kila mwezi. Sasa wanataka watoto wasimame mbele ya kamera, wajitaje kuwa yatima na washukuru. Wenzake binti yangu shuleni waliiona picha ya kwanza, naye analia hataki kwenda shule. Nifanyeje? – Mama wa watoto watatu, Morogoro*

Jibu: Pole sana kwa msiba, mama. Unaogopa kuitwa mtovu wa shukrani na kukosa unga. Elewa kwamba kushukuru ni jambo moja, kuanikwa ni jingine.

Vikundi vingi hupiga picha ili wachangiaji wajue msaada umefika. Mara nyingi hawana nia mbaya. Lakini aibu inabaki kwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kumdhalilisha mtoto.

Mwone kiongozi wa kikundi kinachokusaidia faraghani. Anza kwa kumshukuru, kisha mweleze hali ya binti yako na uombe picha ya awali iondolewe. Pendekeza njia nyingine: usaini daftari la mapokezi, au wapige picha ya mizigo bila sura za watoto.

Binti akiendelea kugoma shule, zungumza na mwalimu wake. Kikundi kikikulazimisha kukubali picha, mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Asante yako ya mdomo inatosha. Usiwaongezee watoto deni.