Kuchagua Valvu Mpya ya Kuzuia Maji Kurudi
Katika visima virefu vya bonde la Kilombero, valvu ya kuzuia maji kurudi ndiyo inayoilinda pampu. Ikichakaa, maji hushuka kisimani pampu inapozimwa na kuizungusha kinyume. Ikiwashwa wakati huo, shafti yaweza kukatika, na wananchi wakarudia maji ya mtoni.

Jumuiya ya watumia maji izingatie mambo manne kabla ya kununua. Kwanza, kipenyo kilingane na cha bomba. Pili, uwezo wa kuhimili msukumo: kila mita 10 za kimo huongeza takriban bari 1. Maji yakipandishwa mita 60, valvu ya bari 6 haitoshi, kwa kuwa maji yanayosimama ghafla hugonga kwa nguvu zaidi. Tatu, namna ya kujifunga: yenye springi hufunga kabla maji hayajageuka, hivyo hupunguza kishindo kuliko yenye kifuniko cha bawaba. Nne, mshale wake uelekee yanakokwenda maji.

Valvu ya zamani isitupwe kabla ya kukaguliwa. Ikikutwa imejaa mchanga, fundi akichunguze kisima kwanza. Vinginevyo mpya nayo itaharibika.