SOMO LA AFYA: MAAMBUKIZI SUGU YA UBONGO NA UGONJWA WA KUSAHAU

Mzee anapoanza kurudia swali lile lile, kupotea njia aliyoipita miaka yote au kuwasahau wajukuu wake, majirani husema ni uzee tu. Wengine hunong'ona juu ya uchawi. Kauli zote mbili huzaa hasara moja: mzee hapelekwi kupimwa, ilhali baadhi ya vyanzo vya hali hiyo vinatibika.

Ugonjwa wa Alzheimer

Ugonjwa huu ndio chanzo kikubwa cha kupoteza kumbukumbu uzeeni. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake habari za mgonjwa wake, Auguste Deter, aliyelazwa mjini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Alipouchunguza ubongo wake kwa hadubini baada ya kifo, aliona mabaka nje ya seli na nyuzi zilizojisokota ndani yake. Mabaka hayo hutokana na protini iitwayo amiloidi.

Maambukizi yanahusikaje?

Kwamba vijidudu vinaweza kukaa ubongoni na kuharibu akili polepole ni jambo lililothibitishwa zamani. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi na J. W. Moore walivikuta vijidudu vya kaswende katika ubongo wa watu waliokufa wakiwa wamerukwa na akili na kupooza. VVU navyo, visipodhibitiwa kwa dawa, vinaweza kudhoofisha kumbukumbu.

Kuhusu Alzheimer, uhusiano huo ungali unachunguzwa. Virusi vya hepesi, viletavyo malengelenge mdomoni, hujificha katika neva maisha yote. Katika miaka ya 1990, Ruth Itzhaki na wenzake wa Manchester, Uingereza, walikuta chembe za urithi za virusi hivyo katika ubongo wa wazee. Baadaye Robert Moir na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa amiloidi inaweza kuua vijidudu. Hivyo baadhi ya wataalamu huona kwamba ubongo hutoa protini hiyo kujikinga, lakini maambukizi yakidumu hurundikana na kudhuru.

Ushahidi mwingine umetoka Wales. Chanjo ya mkanda wa jeshi ilipoanza mwaka 2013, wazee waliozaliwa kabla ya tarehe 2 Septemba 1933 hawakustahili kuipata. Waliozaliwa tarehe hiyo au muda mfupi baadaye walistahili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kuwa, katika miaka saba, chanjo ilipunguza ugonjwa wa kusahau kwa takribani asilimia 20.

Hata hivyo, jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka huo huo, la kuwapa wagonjwa wa Alzheimer dawa ya kuzuia hepesi, halikuonyesha nafuu. Kwa hiyo haifai kujinunulia dawa dukani kwa matumaini hayo. Aidha, Alzheimer hauambukizwi kwa kumhudumia mgonjwa, kula naye wala kulala naye chumba kimoja.

Wajibu wa familia

Mzee mwenye dalili apelekwe kituo cha afya akiandamana na mtu anayeishi naye, awezaye kueleza dalili zilianza lini. Dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba, zichukuliwe. Familia iulizie vipimo vya kaswende, VVU, sukari na shinikizo la damu. Kaswende iliyoingia ubongoni hutibiwa hospitalini kwa penisilini. Ikichelewa, dawa huua vijidudu lakini kilichokwisha kuharibika huenda kisirudi.

Anayechanganyikiwa ghafla, hasa akiwa na homa, kichwa kikali au shingo kukakamaa, awahishwe hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo yaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo.

Vipimo vikionyesha kuwa ni Alzheimer, ugonjwa huo haujapata tiba ya kuuponya. Mzee atahitaji uangalizi, subira na heshima. Kusahau kwake ni maradhi, wala si ushahidi wa uchawi.