Gamba la Milimita 5: Somo la Kumtambua Konokono wa Baharini



Ndugu msomaji, somo la toleo hili linatoka baharini, ingawa sisi wa Rwezamenyo habari za bahari tunazipata kwa madereva wa malori. Baba yangu mdogo ni mmoja wao. Kwa kuwa alijua ninasoma biolojia, safari moja aliniletea mchanga wa ufuo wa Kunduchi, Dar es Salaam, ndani ya chupa ya maji. "Haya mwanangu, bahari yako hiyo," akasema. Niliumwaga juu ya karatasi nyeupe, nikauchambua kwa sindano kama mama anavyochambua mchele. Humo nikakuta gamba moja refu na jembamba, urefu wake milimita 5.

Nitaeleza hatua za kumtambua konokono mdogo kama huyu na kumweka katika kundi lake. Nitaeleza pia kosa nililolifanya mbele ya watoto wa madrasa, kwa sababu bila kosa hilo nisingekuwa na somo la kuandika.

1. Eleza kwanza, taja jina baadaye

Mwanafunzi mwenye haraka hulinganisha gamba na picha ya kitabuni, akachagua inayofanana. Usianze hivyo. Chukua daftari uandike unachokiona: urefu, umbo, idadi ya misokoto, mapambo ya juu, umbo la mdomo na hali ya ncha. Mdomo ni ule uwazi ambao mnyama hutokea. Ncha ni sehemu ya zamani kuliko zote, kwa maana gamba huanzia hapo na kukua kuelekea mdomoni.

Gamba langu lilikuwa na misokoto kumi hivi. Kila msokoto ulizungukwa na safu za vipunje vya duara vilivyopangika kama tasbihi. Ncha ilikuwa imekatika. Haya yote niliyaandika vizuri. Kosa lilikuja baadaye.

2. Shahidi aliyegeuza habari

Sina hadubini nyumbani. Nililaza simu mezani, nikaweka lenzi ndogo juu ya kamera ya mbele, kisha gamba juu ya lenzi. Picha ilitoka safi sana. Ndani ya picha, mdomo wa gamba ulikuwa upande wa kulia. Kwa umbo lile na vipunje vile, nikaona anaingia katika familia ya Cerithiopsidae. Nikaandika kibandiko chenye jina hilo, tena nikaongeza na jina la spishi kutoka katika picha iliyofanana. Jumapili nikalipeleka gamba madrasa kuwaonyesha watoto uumbaji wa Mwenyezi Mungu.

Binti mmoja mdogo alilishika, akalitazama kwa kioo cha kukuza, akauliza: "Mwalimu, mbona umesema mdomo uko kulia? Huu uko kushoto." Nikamjibu kwamba amelishika vibaya. Wenzake wakamcheka, akarudi kukaa kimya.

Usiku ule nililitazama gamba lenyewe, si picha. Mdomo ulikuwa kushoto. Kamera ya mbele ya simu yangu hugeuza picha kama kioo cha kujitazamia: cha kushoto huonekana kulia. Simu haikukusudia kunidanganya, wala mimi sikukusudia kumdanganya mtu, lakini watoto ishirini walikuwa wamekwenda nyumbani na habari ya uongo, na mmoja wao alikuwa ameaibishwa kwa kusema kweli. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu bila kujua. Nilikuwa nikiisoma aya ile nikiwafikiria waandishi wa magazeti na wasengenyaji. Sikujifikiria mimi na kibandiko changu.

3. Kulia au kushoto?

Kipimo chenyewe ni chepesi, na kila msomaji anaweza kukifanya kwa konokono wa bustanini. Shika gamba ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea. Mdomo ukiwa upande wako wa kulia, gamba limesokotwa kulia. Ukiwa kushoto, limesokotwa kushoto. Ncha lazima iwe juu, kwani ukiligeuza kichwa chini, pande nazo hubadilika.

Idadi kubwa mno ya konokono duniani husokotwa kulia. Kwa hiyo konokono mdogo wa baharini, mwembamba, mwenye safu za vipunje na mdomo wa kushoto, anatuelekeza moja kwa moja kwenye familia ya Triphoridae. Karibu wote wa familia hiyo husokotwa kushoto, na wengi hawafiki sentimita 1. Hula sifongo, wale wanyama laini wanaoshikamana na miamba. Cerithiopsidae nao hula sifongo na wana vipunje kama hivyo, ila wao husokotwa kulia. Familia hizi mbili ni ndugu wa karibu. Ukikosea upande, umemhamisha mtu nyumba.

4. Kufanana si udugu

Kosa la kuhukumu kwa sura limewapata hata wakubwa, na mfano wake uko jirani na sisi. Mto Rusizi hutoka ziwa letu la Kivu ukaenda kumwaga maji katika ziwa Tanganyika. Speke alipofika Tanganyika mwaka 1858 aliokota magamba, na mwaka 1859 Samuel Woodward akayaeleza huko London. Mmoja alimpa jina nassa, jina lililokwisha kutumika kwa konokono wa baharini. Leo anaitwa Lavigeria nassa. Magamba ya ziwa hilo ni mazito na yamepambwa kama ya bahari.

Mwingereza J. E. S. Moore alifanya safari za utafiti ziwani humo katika miaka ya 1890, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Alidai kwamba ziwa Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale ya zama za Jurasiki, na konokono wake ni masalia ya wanyama wa bahari hiyo. Lakini zama za Jurasiki zilikwisha miaka milioni 145 hivi iliyopita, na umri wa ziwa hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Uchunguzi wa viungo vya ndani na wa DNA umeonyesha kwamba konokono hao ni ukoo wa maji baridi. Wamefanana na wa baharini kwa sura tu.

5. Jina na sanadi yake

Ngazi za uainishaji tumezisoma shuleni: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Jina la spishi lina maneno mawili, kwa utaratibu ambao Linnaeus aliutumia kwa wanyama wote mwaka 1758. Tuchukue kauri mwenye pete ya rangi ya dhahabu mgongoni: Monetaria annulus (Linnaeus, 1758). Jina la mtu na mwaka hutuambia nani aliyemweleza kwanza na lini. Mabano hutuambia kwamba baadaye amehamishiwa jenasi nyingine, kwani Linnaeus alimwita Cypraea annulus.

Anayetoa jina jipya siku hizi huweka sampuli ya asili katika jumba la makumbusho au hazina nyingine ya kudumu, ili mwenye shaka akailinganishe. Mwanafunzi wa hadithi atauelewa utaratibu huu upesi. Hatuipokei riwaya kwa uzuri wa maneno yake, tunauliza imepokewa kwa nani. Vivyo hivyo jina: limetoka kwa nani, na sampuli yake iko wapi? Kibandiko changu kilikuwa na jina zuri lisilo na sanadi.

6. Kujua pa kusimama

Ili kufika kwenye spishi katika Triphoridae, mtaalamu hutazama zaidi ncha ya gamba, ambayo ndiyo gamba la utotoni, pamoja na meno ya ulimi na rangi ya mnyama akiwa hai. Gamba langu lilikuwa tupu, limesuguliwa na mawimbi, na ncha haikuwepo. Kwa hiyo nilisimama kwenye familia. Si aibu: watafiti waliochunguza eneo moja la kilomita za mraba 295 huko Kaledonia Mpya walitangaza mwaka 2002 kwamba wamekuta spishi 2738 za moluska, na wengi wao walikuwa wadogo. Imepokewa kwamba Imam Malik aliulizwa maswali mengi, na mengi akayajibu kwa neno moja: sijui.

Jumapili iliyofuata nilirudi madrasa. Nilimwita yule binti mbele, nikamwomba radhi mbele ya wenzake waliomcheka, nikampa kalamu aandike kibandiko kipya. Aliandika: "Triphoridae. Kunduchi. Mdomo kushoto. Spishi haijulikani." Kipo hadi leo katika kabati la madrasa.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Tafuta konokono watatu mtaani kwako. Wamesokotwa upande gani?
2. Ni habari gani uliyoisambaza wiki hii kwa kutazama picha tu?
3. Kuna mtu uliyemnyamazisha naye alikuwa na haki? Utamrudia lini?

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.