SOMO LA UFUNDI: UTANDO WA KULINDA RANGI, NEMBO YA GARI NA MSHAHARA WA FUNDI



Somo letu la leo ni la karakana ya magari, lakini linamhusu pia mwenzetu wa kiwandani na wa shambani. Linahusu kisu, mkono wa mfanyakazi na mshahara wake. Tulisome pole pole, kisha tulijadili katika tawi.

1. Utando huu ni kitu gani?

Ni plastiki nyembamba inayoonyesha kama kioo. Hubandikwa juu ya rangi ya gari ili changarawe za barabarani zisiichubue. Plastiki yenyewe ni ya jamii ya poliurethani. Ilianza kutumika katika jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, kukinga panga za helikopta zisiliwe na mchanga. Siku hizi hubandikwa zaidi kwenye magari ya bei kubwa, katika Ulaya, Marekani, miji ya Ghuba kama Dubai, na hata Nairobi. Mwenye gari ni tajiri. Anayebandika ni mfanyakazi kama wewe na mimi.

2. Kwa nini mahali pa nembo pana hatari?

Tuchukue gari la Porsche 911, linalotengenezwa Stuttgart, Ujerumani. Mbele juu ya boneti kuna nembo ya ngao yenye farasi, ambayo kampuni hiyo ilianza kuitumia mwaka 1952. Nyuma kuna herufi za jina la gari. Boneti ni pana, na utando hulala juu yake bila taabu. Ukifika kwenye ngao unakwama, maana ngao imeinuka. Hapo lazima pakatwe.

Sasa angalia vipimo. Utando una unene wa milimita 0.15 hadi 0.2. Rangi yote ya gari, kuanzia ya msingi hadi vanishi ya juu, kwa kawaida haizidi sana milimita 0.1 hadi 0.15. Vanishi peke yake ni kama milimita 0.04 au 0.05, yaani nyembamba kuliko unywele. Kisu kikipita utando kwa unene wa unywele mmoja tu, vanishi imekwisha katika mstari huo, na hakuna kitambaa wala sabuni itakayofuta alama hiyo.

Wenzetu wa mashamba ya mpira wanalielewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Mgema mpira hukata gome, lakini huacha tabaka kama la milimita moja asiguse utando hai wa mti. Akizidisha, mti hupata kidonda, na gome linaloota tena huwa na manundu. Fundi wa gari naye anakata gome bila kugusa mti, ila yeye hana hata hiyo milimita moja ya kusamehewa.

3. Njia nne za kazi

(a) Kung'oa nembo kwanza. Herufi za nyuma kwa kawaida zimeshikwa kwa gundi. Fundi huweka alama ya mahali pake kwa utepe wa karatasi, huzipasha joto kiasi ambacho kiganja kinaweza kuvumilia, kisha hupitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake kama msumeno. Gundi iliyobaki husafishwa, utando hubandikwa mzima, na herufi hurudishwa juu yake kwa gundi mpya. Ngao ya mbele ni tofauti: ina miguu inayoingia katika matundu ya boneti. Hiyo haikatwi kwa mshipi. Hutolewa taratibu, na vishikizo vyake visivyofaa tena hubadilishwa.

(b) Kutumia utando uliokatwa tayari na mashine, wenye tundu la umbo la nembo. Hapa kisu hakigusi gari. Kazi ni kulenga sawasawa.

(c) Kutumia utepe wenye uzi ndani yake. Utepe huzungushwa kando ya nembo kabla ya utando kulazwa. Utando ukishashika, uzi huvutwa na kuukata kutoka chini kwenda juu. Rangi haiguswi na chuma chochote.

(d) Kukata kwa kisu juu ya gari. Utando hulazwa juu ya nembo, hupasuliwa katikati ya nembo yenyewe na si juu ya rangi, hushushwa pande zote, kisha ukingo hukatwa kwa ncha ya kisu kipya. Hii ndiyo njia ya haraka na ya bei ndogo kwa mwenye karakana. Ndiyo pia yenye hatari kubwa kwa fundi.

Tuongeze jambo moja. Baadhi ya magari ya mwendo mkali, kama 911 GT3 RS, hayana ngao ya chuma mbele bali ya kubandika, ili kupunguza uzito. Hapo utando unaweza kupita juu yake bila kukatwa. Basi kagua kabla ya kushika kisu.

4. Hatua za kufuata

Kwanza, osha gari, toa lami na vumbi, kisha pangusa kwa spiriti. Uchafu mwingi hujificha kwenye ukingo wa nembo, basi tumia brashi laini.

Pili, nyunyiza maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto, ili utando uteleze na uweze kusogezwa.

Tatu, ukishapata mahali pake, nyunyiza chini ya ukingo maji yenye spiriti kidogo, kama sehemu 9 za maji kwa 1 ya spiriti. Haya huondoa utelezi, na gundi hushika.

Nne, sukuma maji nje kwa raba, ukianzia kwenye nembo kwenda mbali nayo. Usivute utando kwa nguvu kuzunguka nembo. Utando uliovutwa hukumbuka umbo lake la kwanza, na kesho yake utakuwa umerudi nyuma na kuinuka.

Tano, acha nafasi ya milimita 1 au 2 kati ya utando na nembo. Ukingo ukiegemea nembo, haulali chini, na uchafu huingia. Kona zote zifanywe za mviringo, kwa sababu kona kali ndiyo huanza kubanduka au kupasuka.

Sita, badilisha ncha ya kisu mara kwa mara. Kisu butu hutaka nguvu, na nguvu ndiyo inayokata rangi.

5. Afya ya fundi

Spiriti hushika moto upesi, na mvuke wake huumiza kichwa. Isitumiwe karibu na mashine ya hewa ya moto, wala katika chumba kilichofungwa. Ncha za kisu zilizotumika ziwekwe katika kopo lenye kifuniko, si sakafuni.

6. Kosa likitokea, nani alipe?

Kupaka upya boneti ya gari kama hili kunaweza kuzidi mshahara wa fundi wa miezi mingi. Mwajiri aliyekataa kununua utepe wa uzi ndiye huyo huyo husema: "Umekata, utalipa."

Ndugu, sheria haisemi hivyo tu. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake. Apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inazungumzia uharibifu uliotokana na kosa la makusudi. Mkono kuteleza si makusudi.

Kwa hiyo, kabla ya kazi, kagua gari pamoja na msimamizi na mwandike mikwaruzo iliyopo. Ukiagizwa kukata kwa kisu juu ya rangi, agizo hilo liandikwe. Usitie sahihi karatasi ya deni siku ile ile ya kosa, bali mwite kwanza mwakilishi wa chama.

7. Maswali ya kujadili katika tawi

(i) Katika kazi yetu, ni chombo gani salama ambacho mwajiri hakinunui kwa sababu ya bei?
(ii) Chombo au mazao yakiharibika, hasara huhesabiwa na nani, na mfanyakazi huonyeshwa hesabu?
(iii) Mapatano yetu ya pamoja yanasema nini juu ya makato? Kama hayasemi kitu, tuandike nini?

Katibu wa tawi alete majibu kwa maandishi. Umoja ni nguvu.