Ughali wa Maisha: Serikali Yapaswa Kufanya Nini?

Mama atokapo sokoni na kikapu chepesi, na baba ahesabupo mshahara usiofika mwisho wa mwezi, wote wawili huuliza: "Serikali iko wapi?" Swali hilo ni la haki. Lakini yafaa kwanza tujue wajibu wa Serikali waanzia wapi na waishia wapi.

Mwaka 1891 Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum, alifundisha kwamba mshahara hauwezi kuachwa kwa mapatano tu. Mwenye shida hukubali lolote, kwa hiyo patano lake si la hiari kamili. Alisema pia kwamba Serikali yapaswa kuwaangalia maskini kwa namna ya pekee, maana tajiri anazo njia zake za kujilinda. Papa Pius wa 11, mwaka 1931, akaongeza fundisho la pili: jambo ambalo watu au vyama vidogo vyaweza kulitenda wenyewe, mamlaka kubwa isiwanyang'anye. Basi, Serikali isikae kando, wala isijitwalie kila kazi.

Nchi yetu ya Tanzania imejifunza mambo hayo kwa taabu. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, ikaundwa Tume ya Bei ya Taifa. Nia ilikuwa njema, yaani kumkinga mnyonge. Lakini amri ya bei haiwezi kutengeneza sabuni. Baada ya vita ya Uganda ya 1978 na 1979, na mafuta kupanda bei duniani, fedha za kigeni zilipungua, na viwanda vikakosa malighafi na vipuri. Sukari, sabuni na nguo zikaadimika madukani, zikauzwa kwa ulanguzi mlango wa nyuma. Mwaka 1983 wengi walikamatwa kwa kuhujumu uchumi, lakini uhaba haukwisha. Bidhaa zilianza kurudi tangu 1984, Serikali ilipowaruhusu wenye fedha za kigeni kuziingiza; ila wengi waliziona tu, wasiweze kuzinunua.

Je, tuseme basi kwamba wafanya biashara waachwe watende wapendavyo? Hasha! Bidhaa ikiwa mikononi mwa wachache, ni rahisi wapatane kumkamua mnunuzi. Ndiyo sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yakataza mapatano ya siri juu ya bei. Kadhalika, EWURA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2001, hutangaza kila mwezi bei kikomo ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, ikifuata bei za dunia na gharama za kuyaleta. Yaani muuzaji apata faida, naye mnunuzi ana mpaka unaomlinda. Tena zipo nyakati za dharura: mwaka 2022, mafuta yalipopanda mno, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni. Msaada wa namna hiyo ni halali, lakini hulipwa kwa kodi zetu wenyewe, hivyo hauwezi kudumu daima.

Hata hivyo, sheria haitoshi mahali dhamiri imelala. Nabii Amosi aliwakemea wauzaji waliopunguza kipimo na kuongeza bei, nao walikuwa watu walioshika sikukuu za Mungu. Siku hizi mkulima wetu hulazimishwa kujaza lumbesa, yaani gunia lililopachikwa kilemba juu, huku akilipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo anaweza kumkamata mnunuzi huyo leo; kesho atanunua kwa lumbesa kijiji kingine, ikiwa hajui kwamba amevunja Amri ya Saba.

Kwa hiyo kila jamaa ya Kikristu ina sehemu yake. Mwenye duka asifiche sukari akingoja ipande. Mwenye kiwanda alipe mshahara wa kulea watoto. Wakulima waungane katika ushirika, wakatae lumbesa kwa sauti moja. Mnunuzi adai risiti, asinunue kwa pupa hata jirani akakosa. Tukifanya hayo, tutakuwa na haki ya kuidai Serikali itimize wajibu wake, nasi tuwe tumetimiza wetu.